Mkono uliofichwa: dhambi inaandikwa kwa jina la nani?



Siku ya yenga, ibada ilipokwisha, vijana walibaki kanisani pamoja nasi kwa masomo yao, na mmoja wao akatutolea ulizo hili. Ikiwa mkubwa hakutamka neno la kuua, na mjumbe hakumgusa mtu, na yule aliyepewa sumu hakuitumia, kiisha mtu akafa kwa mkono wa wengine, damu ile ni juu ya nani? Kijana huyu alikuwa amesoma habari za Patrice Lumumba. Wazee walitazamana. Mmoja akajibu upesi: «Ni juu ya aliyepiga risasi.» Mwingine akasema: «Ni juu ya wote.» Jibu la kwanza lilitupungukia, na la pili lilikuwa jepesi mno, kwa sababu dhambi ya watu wote mara nyingi inageuka kuwa dhambi isiyo na mwenyewe. Tuliahidi kuandika juu ya jambo hili, na leo tunatimiza.

Tuanze na ile nyumba ambamo mambo haya yalipangwa. Marekani wana idara yao ya upelelezi wa nje, CIA, iliyoanzishwa mwaka 1947. Kazi yake tuliyoisikia wote ni kukusanya habari za nchi nyingine. Lakini mwaka 1948 serikali yao ilitoa amri ya siri ya kuanzisha kazi nyingine kando ya ile: kutenda mambo ndani ya nchi za watu, kugawa feza, kusimamisha viongozi na kuwaangusha, bila aliyetuma kujulikana. Amri ile ilisema wazi kwamba kazi hizi zipangwe namna hii: zikigunduliwa, serikali ya Marekani iweze kukana, na kukana kwake kuaminike. Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa. Uongo uliwekwa katika msingi wa nyumba siku ile ile ya kujenga, kabla mtu yeyote hajafanya kosa la kuficha.

Kutoka mwaka 1952 kazi ile na upelelezi wa siri viliwekwa chini ya biro moja iliyoitwa Idara ya Mipango. Jina zuri, lisilo na harufu ya damu. Hata fundi wa matofali ana mipango. Mwaka 1973 waliiita Idara ya Operesheni, mwaka 2005 wakabadilisha tena, na mwaka 2015 wakarudia jina la operesheni.

Wengine watasema: kanisa linahukumu vipi wapelelezi, wakati Musa mwenyewe alituma watu kumi na wawili waipeleleze Kanaani, na Yoshua akatuma wawili Yeriko? Ni kweli, na sisi hatusemi kwamba kila siri ni dhambi. Mlinzi wa usiku anatembea kimya. Baba wa nyumba hamwelezi kila mpita njia mahali feza ya shule ya watoto ilipo. Wapelelezi wa Yoshua walikwenda kuona, wakarudi kusema waliyoyaona, na Yoshua hakukana kamwe kwamba aliwatuma. Vita vilipofika Yeriko, Waisraeli waliuzunguka mji mchana, na tarumbeta mbele. Kujua kwa siri ni neno moja. Kutenda kwa siri ndani ya nyumba ya mwenzako, kiisha kumsaidia kutafuta mwizi, ni neno lingine.

Sasa tuje kwetu. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari waliwaasi wakubwa wao, Ubelgiji ikaleta majeshi, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Ministri wa kwanza, Lumumba, aliomba msaada kwa Umoja wa Mataifa, kiisha kwa Warusi. Tukumbuke kwamba wakati ule Marekani na Urusi walikuwa wakiogopana sana, na wakubwa wengi wa Washington waliamini kwa kweli kwamba Kongo yote ingeangukia mikononi mwa Warusi. Hatusemi hofu yao ilikuwa ya kujifanya. Mtu mwenye hofu ya kweli anaweza kutenda uovu mkubwa kuliko mtu mwenye chuki, kwa sababu anajiona anajikinga tu.

Tarehe 18 Agosti 1960 Prezidenti Eisenhower alikaa na baraza lake la usalama. Miaka kumi na mitano baadaye, mtu aliyekuwa akiandika maneno ya mkutano ule aliitwa mbele ya senati ya nchi yake. Akasema alimsikia Prezidenti akitamka neno ambalo yeye alilielewa kama amri ya kumuua Lumumba, na kwamba lilimshtua. Maneno yenyewe hakuyakumbuka. Wengine waliokuwa chumbani walisema hawakumbuki neno kama lile. Siku saba baadaye, katika kamati ndogo iliyosimamia kazi za siri, mshauri wa Prezidenti alisema kwamba «wenzake» wana mawazo makali sana juu ya jambo hili na wanataka litendwe bila kuzunguka. Mwaka 1975 ilielezwa kwamba neno «wenzake» lilikuwa njia ya kumtaja Prezidenti bila kumtaja. Kesho yake, tarehe 26 Agosti, mkubwa wa CIA, Allen Dulles, alipeleka telegramu Léopoldville: kumwondoa Lumumba kuwe kazi ya haraka na ya kwanza. Akamruhusu mtu wake atumie hadi dola 100,000.

«Kumwondoa.» Mtoto wa shule anaweza kumwondoa nzi kwenye kikombe. Bunge linaweza kumwondoa ministri. Neno lilichaguliwa kwa sababu lina milango miwili, na kila aliyelipokea aliweza kusema kesho kwamba yeye alipita mlango ule mwingine. Wakubwa wa biro ile walieleza mbele ya senati kwamba ilikuwa desturi yao kusema kwa kuzunguka, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwaibisha Prezidenti kwa kutaja mauaji mbele yake. Wapendwa, mnaona adabu hiyo? Waliona haya kutaja jambo, hawakuona haya kulitenda. Hata hivyo Prezidenti hakufunga kinywa kila siku. Tarehe 19 Septemba, akiongea na ministri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisema anatamani Lumumba aanguke katika mto uliojaa mamba. Ni mzaha wa wakubwa, na uliandikwa.

Mwisho wa mwezi ule ule mgeni alifika Léopoldville. Ni Sidney Gottlieb, mwanakemia wa CIA. Katika mizigo yake alileta sumu, na pamoja nayo sindano, glovu za mpira na vitambaa vya kufunika uso. Alikuwa ameichagua sumu hiyo kati ya vijidudu vinavyoleta magonjwa ya huku kwetu, ili kama mtu akifa watu waseme: ni ugonjwa wa Afrika. Iwekwe katika chakula, au katika dawa ya meno, au mahali popote ambapo ingefika kinywani. Aliyeipokea alikuwa Larry Devlin, mkubwa wa CIA mjini Léopoldville, aliyekuwa akifanya kazi ndani ya ambasadi. Devlin alishtuka, akauliza: amri hii imetoka kwa nani? Akajibiwa: kwa Prezidenti. Lakini Gottlieb mwenyewe hakuisikia amri kutoka kinywani mwa Prezidenti. Aliisikia kwa Richard Bissell, mkubwa wa Idara ya Mipango, aliyemwambia kwamba imetoka juu kabisa. Bissell aliamini kwamba Dulles aliruhusiwa. Kila mmoja alionyesha kidole juu, kama watu wanaopanda ngazi, na aliyefika mwisho wa ngazi hakukuta karatasi yenye sahihi.

Devlin aliifungia sumu katika kofri ya biro yake. Baadaye, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, alieleza kwamba hakukusudia kuitumia, kwamba alichelewesha jambo kwa makusudi. Tunapenda kumwamini, na pengine ni kweli kwamba moyo wake ulikataa. Lakini telegramu zake za siku zile zinabaki. Ndani yake anatoa mashauri ya jinsi ya kumfikia Lumumba, na katika moja anaomba aletewe bunduki ya kupiga mbali. Mtu anaweza kusema hapana moyoni na ndiyo kwenye telegramu. Mbele ya watu ni telegramu inayofika.

Kuna mwingine ambaye habari yake ilitusumbua zaidi, na vijana walibishana juu yake mpaka giza likaingia. Mwezi wa Oktoba 1960 Bissell alimwita ofisa mmoja, Justin O'Donnell, akamtaka aende Kongo kumuua Lumumba. O'Donnell alikataa. Alisema hataki kushiriki katika mauaji. Ni jambo kubwa hili. Katika nyumba ile, mbele ya mkubwa wake, mtu alisimama akasema hapana, na hakufukuzwa kwa ajili ya hiyo. Basi waliosema «tungefanya nini?» wana shahidi dhidi yao.

Lakini habari haikuishia hapo. O'Donnell alikubali kwenda Kongo kwa kazi nyingine. Lumumba wakati huo alikuwa ndani ya nyumba yake, askari wa Umoja wa Mataifa wakimlinda, na nje yao askari wa Mobutu wakimngoja. O'Donnell alikubali kutafuta njia ya kumvuta atoke, ili akamatwe na Wakongomani wenyewe na wamhukumu. Alieleza kwamba hakuwa mpinzani wa adhabu ya kifo ikiwa inatolewa na wenye nchi. Basi, sisi kuua hatuui, ila tutafungua zizi tumwite kondoo kwa sauti nzuri; chui akiwa nje, ni shauri la chui. Kijana mmoja alimtetea kwa nguvu: «Alikataa sumu! Mnataka nini tena?» Mama mmoja aliyekuwa akifagia kanisa aliacha ufagio akasema: «Mwanangu, alikataa harufu tu.» Hatutaki kuwa wakali kuliko mama yule, wala wapole kuliko kijana. Tunasema hivi: kukataa kwake ni kwa kweli, na kutahesabiwa. Lakini dhamiri iliyokataa kitendo na kukubali mwisho wake ilijadiliana bei na uovu, ikapunguziwa.

Wote hawa walikuwa watu wenye elimu na makanisa. Chini yao walitumia watu wa namna nyingine. Mmoja alikuwa mwenye jina la siri WIROGUE, mtu asiye na nchi, mghushi wa karatasi, aliyewahi kuiba benki. Kabla ya kumleta Kongo walimpasua uso na kumvika nywele za bandia ili asitambulike. Mwingine, QJWIN, alikuwa mhalifu kutoka Ulaya. Hawakuambiwa kwamba wanatumikia tajiri mmoja. Walikutana Léopoldville, na yule wa kwanza akamwomba wa pili ajiunge naye katika kikosi cha kuua watu. Tungecheka kama isingekuwa ni mji wetu. Giza waliloliweka juu yetu liliwafunika wao pia, wakawa wanapapasana.

Juu ya WIROGUE kuna karatasi moja ya biro ile, na kwetu ndiyo nzito kupita zote. Wakubwa wake waliandika kama sifa kwamba mtu huyu anajua mema na mabaya. Lakini akipewa kazi ambayo ulimwengu ungeiona mbaya, na mkubwa wake ameiamuru, basi kwake inakuwa nzuri, na ataifanya bila dhamiri kumchoma. Someni tena. Hawakuandika kwamba hana dhamiri. Waliandika kwamba anayo, na ameiweka katika mkono wa mwingine, na ndiyo sababu anafaa kazi. Tunajua wanyama wanaofugwa namna hiyo. Mungu hakumfanya mtu afugwe hivyo, na tunaogopa kila mahali, hata ndani ya kanisa, ambapo utii unasifiwa kwa maneno yanayofanana na yale.

Mwisho wenyewe mnaujua. Tarehe 27 Novemba 1960 Lumumba alitoka nyumbani usiku, kwa mpango wake mwenyewe, akielekea kwa watu wake Stanleyville. Alikamatwa na askari wa Mobutu siku za kwanza za Desemba, akafungwa Thysville. Tarehe 14 Januari 1961 kiongozi mmoja wa serikali ya Léopoldville alimwambia Devlin kwamba mfungwa atahamishwa apelekwe Bakwanga. Tarehe 17 walimtia katika ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, lakini ndege ikashuka Elisabethville. Wote watatu walipigwa risasi usiku ule, wakubwa wa Katanga wakitazama, na maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Siku mbili baadaye mtu wa CIA aliyekuwa Elisabethville alipeleka telegramu ya mzaha kwa wenzake wa Léopoldville: asante kwa Patrice, tungalijua anakuja tungalimwokea nyoka.

Mwaka 1975 kamati ya senati, chini ya Frank Church, ilitoa taarifa yake. Ilithibitisha kwamba mpango wa sumu ulikuwako, na ikasema haikuona ushuhuda kwamba Marekani ilishiriki katika mauaji yenyewe. Mwaka uliofuata Prezidenti Ford alikataza mauaji ya kisiasa. Tunaheshimu nchi inayofungua kofri zake na kusoma mambo ya aibu mbele ya watu. Nchi nyingi, na yetu mojawapo, hazijafanya hivyo. Ubelgiji nayo, baada ya uchunguzi wa bunge lake, iliomba msamaha mwaka 2002.

Basi ulizo la kijana linarudi. Sumu haikutumika. Amri haikuandikwa. Waliopiga risasi walikuwa wengine. Je, mikono ni safi?

Tumfikirie Daudi. Alitaka Uria afe, lakini hakumgusa. Aliandika barua kwa Yoabu, na aliyeibeba barua ile alikuwa Uria mwenyewe. Yoabu hakumgusa pia. Alimweka tu mahali pa hatari karibu na ukuta, na wenzake wakarudi nyuma. Waliopiga mishale walikuwa Waamoni, maadui, wasiojua lolote juu ya Bathsheba. Mbele ya baraza lolote Daudi angeweza kukana, na kukana kwake kungeaminika: ni vita, watu wanakufa vitani. Nabii Nathani hakuuliza nani alipinda upinde. Alikwenda moja kwa moja kwa mfalme, akamhesabia kifo kile kana kwamba upanga ulikuwa mkononi mwake. Na Waamoni hawakuonekana wasafi kwa sababu hiyo, wala Yoabu. Mnaona namna hesabu ya Mungu isivyofanana na ile ya sokoni? Mzigo wa chumvi ukibebwa na watu watano kila mmoja anabeba sehemu ya tano. Damu ikibebwa na watu watano, kila mmoja anaikuta nzima mgongoni mwake.

Kwa hiyo tunamjibu kijana hivi. Aliyepiga risasi atajibu, na aliyemtia katika ndege, na aliyejua siku tatu mbele akanyamaza. Lakini kuna kosa jingine lisilowekwa katika hesabu ya risasi, nalo ni la waliojenga nyumba ambamo hakuna anayeweza kuulizwa. Kaini alipoulizwa ndugu yake yuko wapi, alijibu vibaya, lakini alijibu, sauti ilimfikia. Ile idara ilijengwa ili sauti ile ikifika ikute milango, na nyuma ya kila mlango mtu mwenye adabu anayesema kwamba yeye alipokea tu kutoka juu, au alipeleka tu chini. Mtu aliyetenda na kujua ametenda anaweza kutubu. Aliyepewa kipande kidogo cha tendo, kilichokatwa ili kisimuumize, atatubu nini?

Sisi hatuna CIA. Lakini wazee wetu wanakumbuka nyakati za ukoloni, wakati wa kusali kwa kujificha, jinsi walikuwako ndugu walioimba nasi usiku na asubuhi kupeleka majina kwa mkubwa wa wilaya. Hawakumpiga mtu. Walisema majina tu. Na katika miaka hii ya vita, katika vijiji vyetu vingi vya mashariki, watu walikuja usiku wakabisha mlango mmoja, wakaacha wa jirani. Mlango haujionyeshi wenyewe. Kulikuwa na kidole. Labda kilipewa feza kidogo, labda kilikuwa na deni la shamba, labda kiliogopa. Leo mwenye kidole anakaa nasi, analeta sadaka, na mjane wa nyumba ile anakaa benchi ya mbele yake. Kwa ajili ya hawa wawili ndipo tuliandika kurasa hizi, kuliko kwa ajili ya watu wa Washington ambao wengi wao wamekwisha kufa. Mwenye kidole, ukisoma hapa, wachungaji wapo, na mlango wao hauhitaji kubishwa usiku.

Neno moja limebaki, nasi tulikuwa karibu kulisahau. Sumu ile ilitupwa katika Mto Kongo. Katika hilo Gottlieb na Devlin walikubaliana mbele ya senati. Lakini Gottlieb alisema aliiharibu na kuitupa yeye kabla ya kuondoka, mwanzoni mwa Oktoba 1960. Devlin alisema aliitupa yeye, baadaye, Lumumba alipokwisha kufungwa. Amri ya kuua haikupata mwenyewe hata leo. Kazi ya kuitupa sumu mtoni ilipata wenyewe wawili.